Nyumba ya Vyumba Sita: Mwisho wa Safari ya Kamanga

Kamanga ni jina moja lenye magati mawili. Upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, katika Wilaya ya Sengerema, ndiko iliko Kamanga yenyewe, mahali ambapo barabara itokayo Sengerema hukoma majini. Upande wa mashariki, katika mji wa Mwanza, karibu na lile Jiwe la Bismarck linalosimama ziwani kama mlinzi asiyebadilishwa zamu, liko gati la pili ambalo wenyeji nalo hulitaja kwa jina hilo hilo. Kivuko huenda na kurudi baina ya magati hayo, na safari yenyewe huchukua kama nusu saa. Abiria hajamaliza kula muhogo wake wa kuchoma, tayari vilima vya mawe vya Mwanza vimemkaribia, na nyumba zilizojibanza juu yake zimeanza kuonekana moja moja.

Watazame abiria hao wanaposhuka. Yuko mama aliyefunga mtoto mgongoni na kiroba cha michembe kichwani. Yuko mzee mwenye jogoo kwapani, amemfunga miguu kwa kamba ya katani. Yuko kijana mwenye sanduku la bati, anakwenda shule. Yuko mgonjwa aliyeshikwa mikono na nduguze wawili, anapelekwa Hospitali ya Bugando, ile iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima na ambayo hata leo hutegemewa na mikoa yote ya kanda ya ziwa. Waulize watafikia wapi. Wachache watakutajia nyumba ya wageni. Wengi watakujibu kwa maneno mafupi: kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa dada. Wakisha kusema hivyo huelekea mitaa ya zamani, huko ambako nyumba ya familia huwangoja.

Makala haya yanahusu nyumba hiyo. Tungeweza kuiita nyumba ndogo, maana kweli ni ndogo. Lakini maneno hayo siku hizi yamepata maana ya aibu, na mwenye nyumba hiyo asingefurahi kuyasikia. Basi na tuiite nyumba ya vyumba sita, kama mafundi walioijenga walivyoiita.

MJI ULIOLETWA NA MAJI NA RELI

Ili kuifahamu nyumba, yafaa kwanza kuufahamu mtaa. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kandokando ya maji haya akalipa ziwa jina la malkia wake, ingawa Wasukuma, Wazinza, Wakerewe na wengine walikuwa wamelivua na kulivuka vizazi vingi kabla yake. Mwaka 1892 Wajerumani walianzisha Mwanza kituo chao cha utawala. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaanza kuiunganisha Mwanza na bahari kwa njia hiyo. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza. Tangu hapo robota la pamba la Usukuma lilikuwa na njia mbili za kwenda ulimwenguni, na kijana wa Usukuma alikuwa na njia nyingi za kuja mjini.

Walikuja makuli wa bandarini, makarani, mafundi cherehani, wapishi, wavuvi, waashi na wachuuzi. Serikali ya kikoloni iligawa miji yake kwa rangi: penye upepo mzuri wa mlimani na wa ziwani pakawa pa Wazungu, penye maduka pakawa pa Waasia, na Mwafrika akatafuta nafasi yake nyuma ya maduka, kando ya mito na chini ya majabali. Ndivyo ilivyokuwa Mwanza pia. Mto Mirongo, ambao hupita katikati ya mji ukielekea ziwani, ukawa na watu kando zake. Makoroboi ikapata jina lake kwa taa za mafuta zilizotengenezwa hapo kwa makopo na vipande vya bati; na mpaka leo nyundo hulia huko, zikigeuza chuma chakavu kuwa majiko, vikaango na makarai. Mabatini nayo, kwa jina lake tu, yatukumbusha kwamba palikuwa na siku ambayo paa la bati lilikuwa jambo la kutajwa.

Bati hilo halikupatikana kwa urahisi. Wengi walilipata kwa pamba. Wakulima walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu. Fedha ya msimu mzuri ilipofika mkononi, mwenye busara hakuimaliza kilabuni. Alinunua ng'ombe, na mwenye ndugu mjini alinunua mabati.

Mwaka 1967 Mwanza ilikuwa na watu wasiozidi 35,000. Katika sensa ya mwaka 2022 wilaya mbili za jiji, yaani Nyamagana na Ilemela, zilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 1,100,000. Msomaji na apime mwenyewe ni mzigo gani umeziangukia nyumba za mitaa ya zamani, ambazo zilijengwa kwa ajili ya mji ule wa kwanza na sasa zinaishi ndani ya huu wa pili.

PITA NDANI

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nyumba ya vyumba sita kwa nje haina la kujivunia. Ni pana kuliko ilivyo ndefu kwenda juu, paa lake la bati limegeuka rangi ya kahawia, na lipu ya ukutani imebanduka hapa na pale ikaonyesha tofali za udongo, au fito na mawe madogo kwa zile zilizo kongwe zaidi. Msingi wake, hata hivyo, ni wa mawe ya Mwanza, na mawe hayo hayana mchezo. Fundi wa zamani aliliwashia jabali moto, akalingoja lipate joto la kutosha, kisha likapasuka. Vipande vyake vikawa msingi na kokoto zake zikawa sakafu. Si ajabu hata leo kukuta ndani ya ua jabali ambalo hakuna aliyeweza kuliondoa. Watoto huliterezea, na mama huanika juu yake dagaa na mihogo.

Mbele pana baraza. Baraza si urembo. Ndiyo ofisi ya mzee, ndiyo kiwanda cha fundi cherehani, ndiyo genge la nyanya na vitunguu la mama, ndipo mahali pa kusukia nywele na pa kuchezea bao. Mtu akipita bila ya kusalimu baraza huulizwa ana msiba gani. Asubuhi utasikia "Ng'wangaluka, mayu", na jibu lake likipokewa kwa Kiswahili na jirani aliyetoka Kigoma, na kwa kicheko na jirani aliyetoka Musoma.

Kutoka barazani mlango mmoja hukuingiza ukumbini, ambao vijana huuita korido. Ukumbi huu hukata nyumba katikati mpaka nyuma, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Hapa ndipo palipo na hekima ya ramani hii, ambayo ilizaliwa pwani, ikapanda na njia za misafara na reli, ikaenea Tabora, Ujiji, Mwanza na Bukoba. Kila chumba kina mlango wake kwenye ukumbi, kwa hiyo kila chumba chaweza kuwa nyumba ya mtu; lakini hakuna awezaye kutoka wala kuingia bila ya kuonekana na wenzake. Mwanandoa mgeni ana faragha yake, na mzee mgonjwa hafi peke yake. Baiskeli hulala ukumbini, ndoo za maji hupangwa ukumbini, na usiku wa mvua kubwa wageni waliozidi hutandikiwa mkeka papo hapo.

Ukumbi ukisha, unatokea uani. Huko ndiko nyumba inakoishi hasa. Jiko liko uani, choo na bafu viko uani, kamba ya nguo iko uani, na mwembe au mpapai, kama nafasi imeruhusu, nao uko uani. Saa kumi na mbili jioni majiko matatu au manne ya mkaa huwashwa kwa pamoja. Huyu anasonga ugali wa muhogo, yule anachemsha sato, wa tatu anaunga dagaa kwa nyanya na kitunguu. Chumvi huazimwa, makaa yenye moto huombwa kwa koleo, na mtoto aliyelia hubembelezwa na yeyote aliye karibu. Shangazi aliyetoka Kamanga asubuhi hafungui kiroba chake cha michembe chumbani. Hukifungua uani, na kila jiko likapata kiganja chake.

Hatusemi kwamba huko ni peponi. Choo kimoja kwa watu kumi na watano si jambo la kusifiwa. Mto Mirongo ukifurika, nyumba za bondeni huamka na maji mlangoni. Luku ni moja na wapangaji ni wengi, hivyo kila umeme unapokwisha huzuka hesabu ndefu ya nani ana pasi, nani ana friji na nani huacha taa ikiwaka mpaka alfajiri. Aibu ndogo haifichiki, na ugomvi wa mume na mke husikika mpaka chumba cha sita. Hata hivyo, ugomvi huo huo husuluhishwa kabla haujawa mkubwa, kwa sababu daima yuko mtu mzima wa kugonga mlango na kusema, "Jamani, basi."

KODI, SHULE NA MATANGA

Mwenye nyumba hii hakuwa tajiri wala maskini wa kutupwa. Mara nyingi alianza kwa chumba kimoja na ukumbi nusu. Mwaka uliofuata aliongeza cha pili. Alipofika vyumba vinne aliingia yeye na familia katika viwili, akapangisha viwili, na kodi ya hivyo viwili ikajenga vya tano na sita. Benki haikumjua. Nyumba ilijilipia yenyewe, chumba kikimzaa mwenziwe.

Ndiyo maana nyumba ya vyumba sita imekuwa shamba la mjini. Kodi yake hulipa ada ya shule, hununua dawa, hutengeneza paa. Mwaka 1971 Serikali ilipotwaa majengo makubwa ya kupangisha, yale yaliyofikia thamani ya shilingi 100,000, nyumba za udongo na bati za watu wa kawaida hazikuguswa, maana sheria ile haikumlenga mtu aliyepangisha vyumba viwili ili apate karo. Katikati ya miaka ya 1970, Serikali ilipoanza mradi wa kupima viwanja na kuvipelekea huduma, Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya kwanza, na eneo lake lilikuwa Nyakato. Wengi waliohamia huko walibeba ramani ile ile vichwani mwao: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma.

Hata utaratibu wa siasa uliipa nyumba heshima yake. Chama cha TANU kilipounda mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, hakikuhesabu watu wala matajiri; kilihesabu nyumba. Mjumbe wa shina alijua paa lipi linavuja, nani amepata mgeni na nani hajaonekana siku mbili. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 mjumbe huyo amebaki kuwa wa chama na mambo ya serikali yakawa ya mwenyekiti wa mtaa, lakini mazoea ya kujuana kwa nyumba hayajafutika.

Na mazoea hayo huonekana zaidi siku ya msiba. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuchukua mamia ya roho, mji mzima uligeuka matanga. Siku za namna hiyo nyumba ya vyumba sita huwa kubwa kuliko jengo lolote. Wapangaji huondoa vitu vyao ukumbini, turubai hufungwa kutoka barazani mpaka kwa jirani, wanawake hujaa uani na wanaume hukesha nje. Hakuna anayeuliza ni kwa idhini ya nani.

NYUMBA YA WENGI, JINA LA MMOJA

Hapa sasa tumefika penye jambo lenyewe, ambalo kwalo twamwomba msomaji asome taratibu.

Nyumba ya vyumba sita hujengwa na wengi. Mzee alinunua mabati. Mkewe alipika maandazi miaka kumi na miwili, akasomba maji ya kufyatulia tofali, akawalisha mafundi. Mtoto wa kwanza wa kike aliacha shule akauza samaki mwaloni Kirumba ili wadogo zake wasome. Kaka aliyeko Kamanga alileta mbao kwa kivuko. Lakini ukifungua sanduku la chuma lililo chini ya kitanda ukatoa karatasi ya kiwanja, kama karatasi ipo, utakuta jina moja tu, la mzee. Na mzee akisha kufa, karatasi hiyo huanza kusema uongo.

Wakati huo huo mji umekuwa. Kiwanja ambacho jana kilidharauliwa kwa kuwa kiko nyuma ya maduka, leo kinatamaniwa kwa sababu iyo hiyo. Dalali hupita barazani na kusalimu kwa heshima isiyo ya kawaida. Chumba cha mbele tayari kimebomolewa dirisha kikafanywa fremu ya duka. Jirani wa kushoto ameuza, na pahala pa mwembe wake pamesimama ghorofa linalomwaga maji ya mvua uani kwenu. Mmoja wa watoto ana deni, mwingine ana mradi, wa tatu yuko mbali na hajui harufu ya ukumbi ule tena. Kikao cha familia huitwa, na sentensi ya kwanza huwa ni hii: "Tuuze, tugawane."

Aghalabu wanaoambiwa wanyamaze katika kikao hicho ni wanawake: mjane, na yule binti aliyeuza samaki. Taratibu za mila za urithi zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 ziliwaweka nyuma, na wapo ndugu ambao hata leo huzikumbuka hizo tu wakasahau yote yaliyofuata. Yaliyofuata si machache, nayo yafaa yasimuliwe barazani kama yanavyosimuliwa mashairi.

La kwanza ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 59 kinakataza mwenzi mmoja, ndoa ikiwa hai, kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Basi mume anayemwambia dalali, "Nyumba ni yangu, mke hahusiki," anasema jambo ambalo sheria ililikataa zaidi ya nusu karne iliyopita.

La pili ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambayo Jaji Mkuu Francis Nyalali aliongoza. Swali lilikuwa moja: mke ambaye hakuleta fedha, bali alipika, akafua, akalea na kuitunza nyumba, je, amechangia mali ya ndoa? Mahakama ilijibu kwamba ndiyo, kazi hiyo ni mchango. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu, kwa sababu nyingine zilizohusu fedha alizokwisha kupewa. Lakini mlango alioufungua wamepita humo wanawake wengi baada yake.

La tatu liliamuliwa hapa hapa Mwanza. Mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, mwanaukoo mwenziwe, akapinga, kwa hoja kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale aliyonayo mwanamume. Lile lilikuwa shamba, nasi twazungumza habari ya nyumba. Lakini aliyeketi ukumbini akaambiwa anyamaze kwa kuwa ni mwanamke, hukumu hiyo yamhusu.

TUFANYEJE?

Hatuandiki haya ili kumwambia kila mtu asiuze. Ipo nyumba ambayo ukuta wake umekwisha kulika na mchwa, na kuing'ang'ania ni kuwahatarisha watoto. Ipo familia ambayo imetawanyika kweli, na kugawana kwa haki ni amani. Mji nao lazima ukue. Kinachoumiza si kuuza, bali ni kuuza kwa kushtukiziana, ambako mjane husikia habari za nyumba yake kutoka kwa mnunuzi aliyekuja kuipima kwa kamba.

Dawa zake zajulikana, wala si ghali kuliko bati. Kwanza, mzee na aandike wosia angali na nguvu, mbele ya mashahidi, na aseme wazi nani abaki wapi. Kuandika wosia si kujiitia kifo. Asiyeandika naye hufa. Wosia waweza kuhifadhiwa katika ofisi za wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, yaani RITA, usije ukaliwa na panya au na ndugu. Pili, karatasi ya kiwanja na itengenezwe mapema, na mahali palipo na mke jina lake na liingie. Tatu, msiba ukisha, mirathi ifunguliwe mahakamani, na wote wafahamu kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi wa vyote; kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki na kutoa hesabu. Nne, sehemu ya kodi iwekwe kando kwa ajili ya nyumba yenyewe. Mfereji wa paa uliotengenezwa leo huokoa ukuta wa kesho, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lipo na la tano, ambalo halimo katika sheria yoyote. Watoto waketishwe barazani waelezwe nani alifanya nini. Waambiwe tofali hizi zilifyatuliwa na nani, mbao hizi zilivukishwa na nani, na kwa nini chumba cha tatu kushoto huitwa cha shangazi ingawa amekwisha kukaa ng'ambo miaka mingi. Mtoto anayejua jasho lililomo ukutani hushika kalamu ya mauzo kwa mkono mzito zaidi.

Ghuba ya Mwanza haiko tena kama ilivyokuwa. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja kubwa la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi na jina la Rais John Pombe Magufuli, na gari sasa hukata ghuba kwa dakika chache pale ambapo zamani lilingoja kivuko kwa masaa. Ni neema, na anayemkimbiza mgonjwa Bugando anaijua thamani yake kuliko sisi. Lakini daraja humfikisha mtu mjini tu. Likisha kumfikisha, bado atauliza alikotoka baba yake akiuliza: nitalala wapi, na nani ananijua? Jibu la swali hilo, kwa maelfu ya watu wa Sengerema, Geita na Ukerewe, bado ni mlango mmoja wa mbao katika mtaa wa zamani, wenye baraza mbele na vyumba vitatu kila upande. Walioujenga mlango huo walikuwa wengi. Ni haki majina yao yaandikwe wangali hai.